Namna ya Kuchagua Mpira wa Bolingi Unaoufaa Mkono na Mrusho Wako: Mwongozo Kamili

Kosa linalojirudia ni hili. Mchezaji ametumia mipira ya ukumbi kwa muda, alama zake zimefika 130 au 140, akaona wakati umewadia wa kuwa na mpira wake mwenyewe. Ananunua ule unaosifiwa kuliko yote, na haukupita mwezi alama zimeshuka, dole gumba limevimba na mpira umewekwa chini ya kitanda. Mara nyingi mpira wenyewe hauna kasoro yoyote. Kilichokosewa ni mpangilio wa maamuzi, kwa kuwa mnunuzi alianza na chapa na rangi akamalizia na mkono, ilhali ilipasa aanze na mkono, aje kwenye mrusho, kisha njia (sakafu ndefu ambayo mpira hupita kuelekea kwenye pini), na chapa iwe jambo la mwisho kabisa.

Mwongozo huu unahusu bolingi ya pini 10, na maelezo yametolewa kwa anayerusha kwa mkono wa kulia. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze pande tu.

## Vitu vya kuandaa

- Simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole, ikiwezekana fremu 240 kwa sekunde, na yenye saa ya kupimia muda.
- Kipande cha utepe mweupe wa kubandika kwenye mpira.
- Penseli, daftari na taulo ndogo isiyoacha nyuzi.
- Muda wa kucheza michezo mitatu mfululizo katika ukumbi unaoutumia mara kwa mara.
- Bajeti iliyokwisha kugawanywa: sehemu ya mpira, sehemu ya kutoboa matundu, na sehemu ya vishikizo vya vidole na mfuko. Wengi humaliza fedha zote kwenye mpira, kisha wakatafuta wa kuwatobolea kwa bei ya kutupa, na hapo ndipo hasara huanzia.

## Hatua ya 1: Mpate fundi wa kutoboa kabla ya kuutafuta mpira

Mpira mzuri huuzwa ukiwa mzima, bila tundu hata moja. Kinachoufanya uwe wako ni kazi ya fundi anayepima kiganja, unene wa kila kidole na namna viungo vinavyokunjika, kisha akatoboa kwa mashine kulingana na vipimo hivyo. Kwa sababu hiyo swali la kwanza ni nani atakayeutoboa, na je, ataushika mkono wako kwa mkono wake?

Jambo hili lina uzito kwetu Afrika Mashariki, ambako kumbi za bolingi zipo lakini mafundi wa kutoboa ni wachache kuliko kumbi. Ndugu anayerudi kutoka Dubai au Marekani anaweza kukubebea mpira, maana hata ule mzito kuliko yote ni kilo 7.26 na utaingia katika begi la kilo 23. Hata hivyo usikubali autoboe huko kwa vipimo ulivyovituma kwa simu. Kosa dogo la robo ya inchi katika umbali kati ya dole gumba na vidole linatosha kukuumiza. Aulete mzima, ama usubiri safari yako mwenyewe ukatobolewe huko huko ukiwa umekaa mbele ya fundi.

Fundi anayefaa hukuuliza maswali mengi kuliko unavyomuuliza wewe. Akikimbilia kukuonyesha mipira iliyopangwa rafuni kabla hajakutazama ukirusha wala kukugusa mkono, mshukuru uende kwa mwingine.

## Hatua ya 2: Amua uzito

Uzito wa mpira huandikwa kwa ratili, yaani pauni, na kanuni za mchezo zimeweka kikomo cha ratili 16. Ushauri wa zamani wa kuchukua sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili si mbaya kwa kuanzia, ila hauzingatii umri, bega lililowahi kuumia wala nguvu ya kifundo cha mkono. Wanaume wengi watu wazima huishia kwenye ratili 14 au 15, na wanawake wengi kati ya 11 na 14. Siku hizi hata miongoni mwa wachezaji wa kulipwa wako wengi wanaotumia 15 badala ya 16.

Kwa nini uzito uwe na maana? Pini moja ina uzito wa kati ya kilo 1.53 na 1.64, na katika straiki (kuangusha pini zote 10 kwa mrusho mmoja) iliyo safi mpira hugusa pini nne tu, yaani ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9, huku zilizobaki zikiangushwa na pini wenzake. Mpira mwepesi ukishaigonga ya kwanza husukumwa pembeni, ukaikosa ya 5, nayo ikabaki imesimama katikati ingawa ulilenga vizuri. Ukiona pini ya 5 inabaki mara kwa mara baada ya mrusho ulioingia mahali pake, uzito au nguvu ya mpira imepungua.

Pima hivi. Chukua mpira wa ukumbi unaouona kuwa wa wastani, cheza michezo mitatu, na kwa kila zamu ya kurusha andika kasi inayoonekana kwenye skrini ya ukumbi. Ikiwa mchezo wa tatu kasi imeshuka waziwazi, au bega linaanza kudondoka unaporudisha mkono nyuma, uzito huo umezidi. Ikiwa kasi imebaki vilevile na mkono haujachoka, ongeza ratili moja unaponunua.

Usistaajabu kwamba nasema kuongeza. Mpira wa ukumbi huonekana mzito kwa sababu matundu yake ni mapana na mkono hulazimika kuubana usianguke. Mpira uliotobolewa kwa kipimo chako huning'inia wenyewe mkononi, na ratili 14 zilizokaa sawasawa huchosha chini ya ratili 12 zinazobanwa.

Tahadhari: chini ya ratili 12 au 13 watengenezaji wengi huweka kiini (sehemu nzito iliyo ndani ya mpira) cha kawaida badala ya kile kinachotangazwa. Anayehitaji mpira mwepesi asilipie sifa ambazo hazimo ndani yake.

## Hatua ya 3: Pima kasi na mizunguko yako

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, nayo haigharimu chochote.

Kasi kwanza. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza ni futi 60, yaani mita 18.29. Mwombe mwenzako abonyeze saa mpira unapogusa njia na aisimamishe unapoigonga pini. Sekunde 2.4 ni sawa na kasi ya wastani ya kilomita 27 kwa saa. Ukitumia zaidi ya sekunde 2.7, mrusho wako ni wa taratibu. Ukitumia chini ya 2.2, ni wa kasi. Rudia mara kadhaa uchukue wastani, kwa kuwa mtu akijua anapimwa huongeza nguvu bila kukusudia.

Mizunguko sasa. Bandika utepe mweupe kwenye mpira mahali utakapoonekana na kamera, mwenzako asimame nyuma yako, arekodi kwa fremu 240 kwa sekunde. Tazama video fremu kwa fremu tangu mpira unapotoka mkononi, uhesabu fremu ambazo utepe unatumia kukamilisha mzunguko mmoja. Gawanya 14,400 kwa idadi hiyo, na jibu ni mizunguko kwa dakika. Fremu 72 ni mizunguko 200. Fremu 48 ni mizunguko 300. Fremu 36 ni mizunguko 400.

Kwa makadirio, chini ya 250 ni michache, 250 hadi 350 ni ya wastani, na kuzidi hapo ni mingi. Wanaorusha kwa mikono miwili, mtindo uliovuma duniani kupitia Jason Belmonte wa Australia, kwa kawaida huangukia kundi la mwisho.

Namba hizi mbili husomwa pamoja. Mwenye kasi kubwa na mizunguko michache huuona mpira ukiteleza hadi mwisho bila kupinda, kwa hiyo anahitaji mpira unaong'ang'ania njia mapema. Mwenye kasi ndogo na mizunguko mingi huuona ukipinda mapema mno na kuvuka upande wa pili, hivyo anahitaji mpira mtulivu. Aliye na uwiano anaufaa mpira wa daraja la kati, na ana bahati, kwa sababu mipira ya aina hiyo ndiyo mingi sokoni na bei yake si ya juu.

## Hatua ya 4: Itambue njia unayochezea

Njia hupakwa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoamua mpira uteleze hadi wapi kabla ya kuanza kupinda. Mpangilio wa kawaida wa ukumbi hufika takriban futi 40 kutoka mstari wa kurushia, mafuta yakiwa mengi katikati na machache pembeni. Huko mbele, karibu na pini, mbao huwa kavu, na hapo ndipo mpira hushika.

Muulize meneja wa ukumbi maswali mawili: njia hupakwa mafuta mara ngapi, na saa ngapi? Ukumbi unaopokea familia na sherehe za siku ya kuzaliwa kuliko wachezaji wa ligi unaweza kupaka asubuhi tu, na ikifika jioni ya Jumamosi njia imekauka. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta mengi ukitupwa kwenye njia ya namna hiyo hupinda nusu ya safari, ukaishiwa nguvu, na kufika kwenye pini kama umechoka.

Unaweza pia kujionea mwenyewe. Mpira ukirudi, uinue kabla ya kuufuta na uutazame chini ya taa: utaona mstari mwembamba wa mafuta ulioizunguka sehemu fulani ya ganda, yaani tabaka la nje la mpira. Mstari mnene unaong'aa ni dalili ya mafuta mengi. Mstari hafifu usioonekana vizuri ni dalili ya ukavu. Huo mstari ni hazina, na tutaurudia kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 5: Chagua ganda

Kama ungeweza kuuliza swali moja tu dukani, uliza kuhusu ganda, kwa sababu ndilo linalogusa njia na ndilo lenye mchango mkubwa zaidi katika kupinda kwa mpira. Ziko aina tatu zinazokuhusu.

Plastiki, yaani poliesta. Haipindi kwa urahisi hata njia ikiwa kavu. Inafaa kwa speya, yaani kumalizia kwa mrusho wa pili pini zilizobaki, hasa pini ya 10 iliyosimama peke yake kwenye kona ya kulia, ambayo mpira unaopinda huikwepa na kuingia mferejini au kupita kushoto kwake. Inamfaa pia anayecheza mara moja kwa mwezi na hataki zaidi ya mpira usiomuumiza vidole. Ni rahisi kuliko zote na hudumu miaka mingi.

Yurethani. Hupinda mapema na polepole, kwa mkunjo mrefu unaotabirika. Inamfaa mwenye mizunguko mingi kwenye njia kavu. Mwenye mizunguko michache ataona haimpi nguvu ya kutosha kwenye pini.

Resini tendaji. Hii ndiyo hunyonya mafuta kidogo kidogo na kushika mbao kwa nguvu. Resini yenye uso usiong'aa hushika mapema na kufaa mafuta mengi. Yenye mchanganyiko wa lulu, yaani chembe zinazong'aa, huteleza mbali zaidi kisha ikakata kona kwa ghafla. Mseto wa hizo mbili hukaa katikati.

Kwa mpira wa kwanza unaopinda, maoni yangu ni mseto au lulu ya daraja la kati. Ile ya bei ya juu kabisa katika orodha ya mtengenezaji imekusudiwa mafuta mengi na mirusho yenye nguvu, na kwa mchezaji wa alama 140 kwenye njia ya kawaida itakuwa mzigo. Bei ya juu maana yake ni nguvu zaidi, na nguvu usiyoihitaji itakutoa nje ya lengo.

Ukumbuke pia kwamba uso wa ganda hubadilishwa kwa msasa. Msasa namba 1000 huufanya mpira ushike mapema, namba 4000 huuchelewesha, na kung'arisha kwa dawa huuchelewesha zaidi. Mpira uliokosea kidogo si wa kuuzwa. Mpelekee fundi kwanza.

## Hatua ya 6: Kiini, bila kupoteza usingizi

Ndani ya mpira kuna kiini kizito chenye umbo maalumu, na matangazo hupenda kukichora kama injini ya roketi. Namba mbili zinatosha. Ya kwanza hueleza uzito umekaa karibu na katikati au mbali nayo, na kanuni zinairuhusu iwe kati ya inchi 2.46 na 2.80: iliyo ndogo huamka mapema, iliyo kubwa huchelewa. Ya pili hueleza ni kwa kiasi gani mpira unaweza kuyumba kwenye mhimili wake ili kila mzunguko uguse sehemu mpya ya ganda isiyo na mafuta, na kikomo chake ni 0.060.

Mchezaji wa kwanza achague kiini chenye umbo linganifu, namba ya kwanza karibu na 2.50 hadi 2.55, na ya pili karibu na 0.030 hadi 0.045. Viini visivyo linganifu huadhibu kosa dogo la mkono, na kwa anayeanza makosa madogo ni mengi.

## Hatua ya 7: Kupimwa mkono na kutobolewa

Usipimwe ukiwa umetoka tu nje au mkono ukiwa wa baridi. Cheza mchezo mmoja au miwili kwanza, maana vidole huvimba kidogo, na mpira uliopimwa kwa mkono uliolala utabana katikati ya jioni.

Amua namna ya kushika. Katika mshiko wa kawaida, vidole viwili huingia hadi kiungo cha pili. Ni salama na rahisi kudhibiti. Katika mshiko wa ncha za vidole, huingia hadi kiungo cha kwanza tu, na umbali mrefu zaidi kati ya dole gumba na vidole huongeza mizunguko. Anayetaka mpira wake upinde hatimaye huhitaji huu wa pili, ingawa wiki za mwanzo mkono utaona ugeni.

Kwa mshiko wa kawaida, jaribio ni jepesi: ingiza dole gumba lote, laza vidole juu ya matundu, kisha pitisha penseli kati ya kiganja na mpira. Ikipita kwa kugusa kidogo, umbali ni sawa. Isipopita, kiganja kinavutwa. Ikicheza ovyo, umbali ni mfupi.

Tundu la dole gumba ndilo lenye lawama nyingi. Linapaswa kugusa ngozi pande zote kidogo, bila kubana na bila kuacha nafasi. Fundi mwangalifu hulifanya likaze nywele moja, kisha akalilegeza mbele yako, na ndani yake akaweka vipande vya utepe ambavyo utaviongeza au kuvipunguza wewe mwenyewe kadiri kidole kinavyovimba au kusinyaa.

Sasa ule mstari wa mafuta. Kutokana na mahali unapopita kwenye mpira ambao umekuwa ukiutumia, fundi huipata ncha ya mhimili wako wa kuzunguka, na kwa kuipima ncha hiyo huamua kiini kikae upande gani wa matundu. Beba huo mpira ukiwa haujafutwa, au piga picha ya mstari, matundu nayo yaonekane. Ukipuuzwa, mstari unaweza kupita juu ya tundu la kidole, nawe utausikia mpira ukigonga tik-tik-tik njiani huku ukipoteza mwelekeo.

Tahadhari kwa wanaocheza mashindano: tangu tarehe 1 Agosti 2020, kanuni za shirikisho la bolingi la Marekani, USBC, haziruhusu tundu lolote lisilotumika kushikia mpira katika kila mrusho. Anayerusha kwa mikono miwili bila dole gumba asinunue mpira wenye tundu la dole gumba kwa kudhani ataliacha tu, itambidi alizibe.

## Hatua ya 8: Jaribio la michezo ya mwanzo

Simama mahali pako pa kawaida, lenga mshale wa pili kutoka kulia kati ya mishale iliyochorwa njiani, na rusha kwa nguvu yako ya kila siku. Usibadili mkono kuufuata mpira. Mrusho mzuri huteleza kwa utulivu kupita katikati ya njia, huanza kugeuka, na huingia kati ya pini ya 1 na ya 3 ukiendelea kusonga mbele. Pembe ya kuingia inayotafutwa ni takriban digrii 6, ambayo mpira ulionyooka hauwezi kuifikia.

Ukifika kwenye pini ukiwa umekwisha kunyooka na kuishiwa nguvu, ganda linashika mapema mno. Sogea kushoto kwa upana wa mbao chache za njia, na usipopona umwombe fundi aung'arishe. Ukipita bila kupinda, fundi apige msasa kabla hujaamua kwamba umenunua vibaya.

Kuhusu mkono, kagua baada ya mchezo wa tatu. Wekundu kidogo ni kawaida. Malengelenge kwenye dole gumba, ukucha unaouma, au uvimbe kwenye kiungo cha kidole cha pete ni dalili za tundu lisilo sahihi, na haziponi kwa kuvumilia. Rudi kwa fundi wiki hiyohiyo; marekebisho ya mara ya kwanza ni sehemu ya kazi yake.

## Ukinunua uliotumika

Mpira uliotumika unaweza kuwa nafuu kubwa, ila ukague kwa kucha na si kwa macho pekee. Pitisha ukucha kwenye ukuta mwembamba ulio kati ya matundu ya vidole na kuzunguka tundu la dole gumba, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Matundu ya zamani huzibwa kwa resini na kutobolewa upya. Jumlisha gharama hiyo kabla ya kufurahia bei. Resini iliyochezwa sana bila kutunzwa hulowa mafuta na kupoteza mshiko, na kuyatoa ni kazi ya joto la kiasi kwenye mashine maalumu. Oveni ya nyumbani itaupasua.

## Matunzo tangu siku ya kwanza

Ufute kwa taulo kavu kila baada ya mrusho, na uusafishe kwa dawa yake kila unapomaliza kucheza, mafuta yangali hayajazama. Kila baada ya michezo 50 au 60, mpelekee fundi auondolee mafuta na kuupiga msasa upya. Usiuache ndani ya buti la gari linaloshinda juani, kwa sababu ganda na kiini hutanuka kwa viwango tofauti na mpira unaweza kupasuka. Nyumbani, uweke ndani, mbali na dirisha, matundu yakitazama juu.